Mfuaji wa Jezi

Maji ya kisima chetu hapa Langoni yana chumvi,
sabuni yaisha, povu haliji.
Basi nasugua. Jezi kumi na nane kila Jumapili,
na nje ya mlango, kwenye kibanda cha Famau fundi viatu,
mechi ya jana yachezwa upya kwa midomo.

"Watoto wale watatushusha daraja!" Famau agonga msumari.
"Mechi nne, bao moja, nalo kajifunga beki wa wenyewe!
Mbele hatuna washambuliaji, tuna chekechea.
Bakathir alikuwa mtu. Mpira ukimfika kifuani
hulala kama mwana aliyeshiba maziwa."

"Bakathir sasa ana goti la kuazima," ajibu Shekuwe,
ambaye danadana tatu hazijampita mguuni maisha yake,
lakini ana daftari, na ndani ya daftari
kila krosi tangu Ramadhani.
"Ishirini na sita yana, waungwana! Ishirini na sita!
Wakati wa huyo mtu wenu zikifika sita
mwarudi nyumbani na vigelegele.
Subira yavuta heri."

"Na ngoja ngoja yaumiza matumbo.
Langu lauma tangu Machi.
Na ile penalti? Mtoto kautuma mpira Manda
bila nauli ya boti!"

Wanacheka. Mimi nageuza jezi nje ndani.
Sina daftari. Nina madoa.

Hii saba, ya Lali.
Pindo limevutika kama sikio la punda.
Wao wasema Lali hupenda kujiangusha.
Sawa. Lakini sijaona bado
mtu akivutwa jezi na beki ambaye hajampita.

Hii kumi na moja, ya Mbwarali waliyempa jina Tiara.
Kwapani ina vumbi la saruji, kijivu, gumu,
maji mawili halitoki.
"Kipindi cha pili alitembea kama bwana harusi!"
Alipakia mifuko juu ya punda mpaka saa saba,
mechi ikaanza saa tisa.
Hilo daftari la Shekuwe halina safu yake.

Na hii tisa. Ya Yasri, aliyepiga penalti.
Huja safi. Straika gani huyo, auliza Famau,
arudi na jezi kama mkaguzi wa shule?
Kola lakini imetafunwa, meno yaonekana,
upande mmoja tu, wa kushoto.
Miaka kumi na saba. Njaa au hofu,
zote mbili hutafuna.

Bi Khuleita yuapita na sinia la kaimati,
hasimami, lakini mdomo wake wasimama:
"Huyo Bakathir wenu alizaliwa anajua?
Mechi yake ya kwanza nilikuwako.
Alipiga kichwa safi sana, golini kwetu.
Na kipa siku hiyo alikuwa nani, Famau?"

Nyundo ikanyamaza.
Hata punda wa jirani alionekana kungoja jawabu.
"Jua lilikuwa machoni," asema Famau,
na kicheko kikapanda ukutani hadi kwangu darini,
ambako naanika, mkono kwa mkono, namba kwa namba.

Hapo ndipo nilipoliona.
Jezi ya tisa imeachia mshono, begani, pande zote mbili.
Nikadhani imevutwa. Nikaikunjua kwenye mwanga.
Uzi haukukatwa, umelegea taratibu, kutoka ndani.
Mwezi wa pili ilikuwa ikimpwaya kama kanzu ya babake.

Chini wameanza tena: Jumamosi ni Faza,
nani aanze, nani akae benchi,
nani atumwe Mombasa kumbembeleza mzee mmoja
aje atufungie kwa mkopo.

Sikuwaambia kitu.
Kocha hajanilipa sabuni ya wiki tatu,
habari za bure sina.
Nilitafuta sindano, nikatafuta kitambaa cha rangi ile,
nikaongeza bega vidole viwili.
Kisha nikafikiri kidogo,
nikaongeza cha tatu.